Fatuma yupi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kina Fatuma waliotajika

Ita "Fatuma!" sokoni Kariakoo, Kongowea au Darajani uone wangapi watageuka. Mitandaoni hali ni hiyohiyo, ila huko hakuna anayegeuka kukuuliza unamtaka nani. Picha ya wakili inabandikwa kwenye habari ya bibi yake, malkia wa Unguja anachanganywa na binti wa Mtume, na mwanariadha wa Ethiopia anapewa uraia wa Kenya. Yafuatayo ni maswali yanayorudi kila mara.

Fatuma, Fatma, Fatima, Fatoumata: hili ni jina moja au majina manne?

Ni jina moja. Asili yake ni Fatima, binti wa Mtume Muhammad (s.a.w.), mke wa Ali na mama wa Hasan na Husein. Zanzibar wengi huandika Fatma, bara na Mombasa utakuta zaidi Fatuma, Senegal na Gambia wanafupisha kuwa Fatou, Mali na Guinea ni Fatoumata. Nyumbani anaitwa Tuma au Fetty, kutegemea nani anaita na amekasirika kiasi gani. Batuli na Zahra ni lakabu za Fatima huyohuyo, kwa hiyo Bi Batuli wa mtaani kwenu naye ni wa ukoo huu wa majina. Hapa tumemwandika kila mtu kama anavyojulikana zaidi.

Fatma Karume ni mmoja au ni wawili?

Ni wawili, na hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa.

Wa kwanza ni Bi Fatma Karume, mke wa Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na Makamu wa kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mzee Karume aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi. Bi Fatma alibaki mjane, na mwanawe Amani Abeid Karume akaja kuwa Rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Kwa hiyo amekuwa mke wa rais na mama wa rais. Wanawake wa namna hiyo hawafiki wengi Afrika nzima.

Wa pili ni Fatma Amani Karume, binti wa huyo Amani, yaani mjukuu wa Bi Fatma. Yeye ni wakili, na kwenye mitandao ya kijamii wengi humwita "Shangazi". Aprili 2018 alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS), akipokea kijiti kutoka kwa Tundu Lissu, na alikaa kwenye kiti hicho mwaka mmoja.

Mkanganyiko unaeleweka: kumpa mjukuu jina la bibi ni jambo la kawaida kwetu, na wote wawili wanamalizia na Karume. Lakini wanatofautiana mno kwa walivyojulikana. Bibi alijulikana kwa kukaa kando ya madaraka bila kupiga kelele, mjukuu kwa kuyakabili madaraka kwa sauti ya juu, yakiwemo ya CCM, chama ambacho babu yake ni miongoni mwa waasisi wa historia yake. Ukisoma "Fatma Karume aishukia Serikali", usihangaike kuuliza ni yupi.

Ni kweli Fatma Karume wakili aliwahi kufutwa uwakili?

Ni kweli, ila wengi wanaishia nusu ya habari.

Septemba 2019 alikuwa akimwakilisha Ado Shaibu, mwanasiasa wa ACT-Wazalendo, katika kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Profesa Adelardus Kilangi. Mahakama Kuu ilimsimamisha kufanya kazi ya uwakili Tanzania Bara kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika hoja zake za kisheria. Mwaka uliofuata, Septemba 2020, Kamati ya Mawakili ililiondoa kabisa jina lake kwenye orodha ya mawakili. Akakata rufaa, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo.

Kabla ya yote hayo, Agosti 2017, ofisi za kampuni ya uwakili ya IMMMA alikokuwa mmoja wa washirika zililipuliwa usiku huko Upanga, Dar es Salaam. Nayataja pamoja kwa sababu watu hupenda kumjadili Shangazi kwa ulimi wake tu, wanasahau kwamba ulimi huo umemgharimu.

Bi Kidude naye alikuwa Fatuma?

Naam. Jina lake ni Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja. Kidude ni jina la utani alilopewa utotoni kwa kuwa alizaliwa kichanga kidogo mno. Baba yake alikuwa mchuuzi wa nazi.

Kwenye orodha hii yote, yeye ndiye pekee ambaye jina la utani limelimeza jina la kuzaliwa. Wengine tunawatofautisha kwa jina la baba au la mume: Karume, Samoura, Jinnah. Yeye alijitosheleza. Na hakuwa wa kwanza Unguja: Siti binti Saad, aliyemtangulia na ambaye nyimbo zake Kidude alizibeba maisha yake yote, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Wasanii wa kike wa visiwani walikuwa wakibadilisha majina kabla kina "a.k.a." hawajazaliwa.

Watalii walimjua kwa taarabu, hasa kwa "Muhogo wa Jang'ombe". Lakini waliomjua kwa undani watakwambia kazi yake nyingine ilikuwa nzito zaidi: unyago. Alikuwa somo, akiwafunda wari ngoma, siri na mambo ya unyumba, na kuna vizazi vya wanawake wa Unguja waliopita mikononi mwake. Ukimwona kwenye video anapiga msondo, tazama jinsi alivyoifunga ile ngoma kiunoni kwa kanga, amesimama ameipandia, anapiga kwa viganja huku kiuno kikijibu. Bibi wa umri ule, jukwaani Ulaya, hana haraka na mtu. Sauti yenyewe ilikuwa na mikwaruzo, si ya kubembeleza. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa mchango wake katika muziki wa dunia.

Alivuta sigara hadharani, alikunywa, alipaka watu hina, alitibu kwa dawa za miti shamba. Kuna wanaoona haya kuyataja hayo baada ya kufa kwake, wakimvalisha ubibi wa heshima ambao yeye mwenyewe hakuutaka. Mimi naona ni kumpunguzia.

Bi Kidude alizaliwa mwaka gani hasa?

Hakuna cheti. Makadirio ya kawaida yanamweka kwenye miaka ya 1910. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa enzi za rupia, kauli ambayo inapendeza kuisikia lakini haisaidii sana, maana rupia ilitumika Zanzibar hadi shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Anayekuandikia kwamba alikufa na miaka 113, au 102, amejichagulia tu namba.

Je, Unguja iliwahi kutawaliwa na malkia aitwaye Fatuma?

Ndiyo, na ni aibu kwamba wanafunzi wengi wanamaliza shule wakiwa wanamjua Malkia Victoria bila kumsikia huyu.

Malkia Fatuma alitawala Unguja mwishoni mwa karne ya 17, kabla ya usultani wa Kiomani kujikita visiwani. Wakati huo Wareno walikuwa wanaelekea kushindwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu pale Mombasa, na mzingiro huo ukadumu hadi Desemba 1698, zaidi ya miaka miwili na nusu ya njaa na maradhi. Fatuma aliwapelekea Wareno waliokuwa wamezingirwa chakula. Alichagua upande, na upande wake ukashindwa. Waomani wakamkamata wakampeleka Maskati uhamishoni. Baada ya miaka kadhaa aliruhusiwa kurudi Unguja, na baadaye mwanawe Hassan akarithi utawala.

Hapo ndipo maswali ya nyongeza yanapoanza: alikuwa msaliti? Swali hilo huwa linaulizwa kana kwamba kulikuwa na Zanzibar moja iliyokuwa inapigania uhuru wake, huku Mreno akiwa mgeni na Mwomani akiwa mwenyeji. Kwa mtawala wa kisiwa kidogo mwaka 1696, wote wawili walikuwa watu wenye majahazi na mizinga waliotoka mbali. Alimsaidia aliyemzoea. Miji mingine ya pwani ilifanya hesabu zake, ikachagua upande wa pili, nayo haikukaa muda mrefu kabla ya kuanza kulalamika.

Ukitaka kusimama alipokaa, nenda Forodhani. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, lipo kwenye eneo lilipokuwa kasri lake. Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Habari zilimtaja sana Barghash, Fatuma hakutajwa.

Yule Fatuma aliyeshinda marathoni ya Olimpiki alikuwa Mkenya?

Hapana, ni Mwethiopia. Fatuma Roba anatoka Bekoji, mji mdogo wa nyanda za juu za Arsi ambao umewatoa pia Derartu Tulu na Kenenisa Bekele. Tarehe 28 Julai 1996, huko Atlanta, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda marathoni ya Olimpiki.

Muda wake ulikuwa saa 2, dakika 26 na sekunde 5. Wa pili alikuwa Valentina Yegorova wa Urusi, bingwa mtetezi, aliyefika saa 2:28:05. Dakika mbili kamili! Kwa wasiofuatilia marathoni: kwenye mbio za kiwango hicho, dakika mbili maana yake mshindi ameshavuka utepe na kupewa maji wakati wa pili bado hajaonekana vizuri. Na Atlanta ni mji wa vilima na joto la Julai, si njia ya kukimbilia muda.

Kisha akaenda Boston akashinda mwaka 1997, akarudi akashinda 1998, akarudi tena 1999. Ushindi wa 1997 ulimfanya mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda mbio hizo. Wakenya na Waethiopia wanaotawala marathoni za wanawake leo wanakimbia kwenye njia aliyoifungua yeye, lakini jina lake limefifia kupita kiasi. Tatizo mojawapo ni hilo la kumdhania Mkenya: Wakenya hawamdai, na wanaomsoma kwa pupa hawamtafuti Ethiopia.

Fatma wa FIFA alikuwa nani, na alifanya nini?

Fatma Samoura, kutoka Senegal. Alikuwa amefanya kazi Umoja wa Mataifa kwa miaka 21, kuanzia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na alikuwa Nigeria akiuwakilisha Umoja huo pale Gianni Infantino alipomtangaza kuwa Katibu Mkuu wa FIFA, kwenye mkutano mkuu wa Mexico City tarehe 13 Mei 2016. Alikuwa mwanamke wa kwanza na mtu wa kwanza asiye Mzungu kutoka Ulaya kushika wadhifa huo. Waliopinga walisema hajui mpira. FIFA ya wakati ule ilikuwa imejaa watu wanaoujua mpira, na kadhaa wao walikuwa mahakamani kwa rushwa.

Mwaka 2019 FIFA ilimtuma kwa miezi sita kwenda kuisimamia CAF, shirikisho la soka la Afrika, jambo ambalo baadhi ya viongozi wa soka Afrika waliliona kama kupokwa nyumba yao. Aliondoka FIFA mwishoni mwa 2023.

Ni kweli chuo kikuu kikongwe zaidi duniani kilianzishwa na Fatima?

Ndivyo inavyosimuliwa: Fatima al-Fihri, binti wa mfanyabiashara aliyehamia Fez, Morocco, kutoka Kairouan, alitumia urithi wake kujenga msikiti wa Qarawiyyin mwaka 859, na nduguye Maryam akajenga msikiti wa Andalus katika mji huohuo. Msikiti wa Qarawiyyin ukakua kuwa kituo cha elimu ambacho kinafundisha hadi leo.

Lakini tuwe waangalifu kidogo. Masimulizi haya yametufikia kupitia mwanahistoria Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, karibu miaka 500 baada ya tukio, na kuna maandishi yaliyochongwa yaliyopatikana msikitini yanayomtaja mtawala Dawud bin Idris kuwa mjenzi. Baadhi ya wanahistoria kwa hiyo wana shaka. Ukiweka picha yake mtandaoni, ile ya mwanamke mrembo mwenye kilemba, ujue tu kwamba hakuna anayejua alikuwa na sura gani.

Kuna Fatuma yeyote kwenye uandishi wa habari?

Fatma Alloo, Mtanzania. Alikuwa mmoja wa waandishi wa kike walioanzisha Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, mwaka 1987, wakati chumba cha habari kikimpa mwanamke kurasa za mapishi na si zaidi. Jarida lao waliliita Sauti ya Siti, kwa kumuenzi Siti binti Saad. Baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998.

Na kwenye siasa za Kenya?

Fatuma Dullo, Seneta wa Isiolo, mwanasheria kwa taaluma. Uchaguzi wa Agosti 2017 ndio ulioingiza wanawake wa kwanza kabisa kwenye Seneti ya Kenya kwa kura za wananchi badala ya kuteuliwa, nao walikuwa watatu: yeye, Susan Kihika wa Nakuru na Margaret Kamar wa Uasin Gishu. Mwaka 2022 Isiolo ilimrudisha. Kwa mwanamke kutoka jamii za wafugaji wa kaskazini, ambako wazee wa koo ndio hukaa wakaamua nani asimame, hilo si jambo dogo.

Jina hili ni la Waislamu peke yao?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, lakini si wote. Huko Ureno kuna mji uitwao Fátima, na Wakatoliki wanaamini kwamba mwaka 1917, kuanzia tarehe 13 Mei, Bikira Maria aliwatokea hapo watoto watatu wachunga mifugo. Ndiyo maana Afrika Mashariki utakuta parokia za Bikira Maria wa Fatima, na wasichana wa Kikatoliki waliobatizwa Fatima. Jina la mji lenyewe ni urithi wa enzi za Waarabu huko Ureno. (Na ndiyo, Fatma Samoura alitangazwa FIFA tarehe 13 Mei. Imetokea tu.)

Nje ya Afrika Mashariki, nani mwingine wa kumjua?

Wapo wengi, tuchukue watatu. Fatima Meer wa Durban, Afrika Kusini, msomi wa sosholojia aliyezaliwa 1928 na kufariki 2010. Alifungwa bila kesi mwaka 1976, aliwekewa amri za kumzuia asiandike wala kuhutubia, alinusurika kuuawa, na bado akaandika wasifu wa Mandela uliotoka mwaka 1988, Mandela akiwa bado gerezani. Fatima Jinnah wa Pakistan, dada wa mwasisi wa taifa hilo, alikuwa daktari wa meno, na akiwa na miaka zaidi ya 70 aligombea urais dhidi ya Jenerali Ayub Khan katika uchaguzi wa Januari 1965. Alishindwa. Na Fatma Aliye, mwandishi wa riwaya wa enzi za Waothmani, yupo kwenye noti ya lira 50 ya Uturuki, kwa hiyo yawezekana umewahi kumshika mkononi kama ulipita Istanbul kununua mzigo.

Fatou Bensouda anahesabika?

Kwa jina, ndiyo, Fatou ni Fatuma. Ni Mgambia aliyekuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kuanzia 2012 hadi 2021. Wakenya hawahitaji kutambulishwa kwake: ndiye aliyeiendeleza kesi dhidi ya Uhuru Kenyatta baada ya Luis Moreno Ocampo, na ndiye aliyeiondoa Desemba 2014 akisema ushahidi hautoshi.

Namtafuta Fatuma fulani na kila nikiandika naletewa mwingine. Nifanyeje?

Badilisha tahajia kwanza. Habari za Zanzibar zijaribu kwa Fatma, za Kenya na Ethiopia kwa Fatuma, za Afrika Magharibi kwa Fatou na Fatoumata, za Afrika Kaskazini na Asia kwa Fatima. Ongeza kazi yake, na mwaka kama unaujua. Kwa malkia wa Unguja jaribu pia "Mwana Fatuma" na "Fatima", maana vitabu vya zamani vilivyoandikwa na Wazungu vimemwandika kila mwandishi kwa namna yake. Na kwa Bi Kidude andika "Kidude" tu, yeye hana mshindani.